Duka Lililochukuliwa Msibani

Mlio wenyewe ulikuwa mdogo tu: ting. Kama kijiko kikigonga ukingo wa glasi. Ulitoka kwenye kompyuta iliyokuwa karibu na mlango, na maana yake ilikuwa moja: gemu limeingia lote, halikukatikia njiani. Mpaka leo mtu akikoroga sukari kwenye glasi ya chai karibu yangu, shingo yangu inageuka yenyewe.

Ili uelewe utamu wa mlio ule, lazima ujue ulivyokuwa unasubiriwa. Intaneti yetu ilipita kwenye waya wa simu ya mezani. Gemu moja la mpira lilianza kuingia tukifungua duka asubuhi, na likijaliwa, lilimaliza watu wakitoka kuswali adhuhuri. Mtu akitupigia simu katikati, kazi yote inaanza upya. Wateja walijua hivyo, wakajiwekea benchi nje, wakakaa na simu zao na nyaya zao wakibishana nani ataingiziwa kwanza. Ikilia ting, wanasimama wote kwa pamoja kama abiria wa stesheni ya Kingolwira waliosikia honi ya treni.

Duka lilikuwa la mama mdogo, mdogo wake mama yangu. Zamani alikuwa mfanyakazi wa kiwanda kimoja hapa Morogoro, na viwanda vilipoanza kuuzwa, chake nacho kikauzwa. Mnunuzi akaona mashine zinamfaa ila watu hawamfai. Mama mdogo akapewa kiinua mgongo chake na mkono wa kwaheri. Redio ilikuwa inasema kila siku kwamba hili sasa ni soko huria, kila mtu ashindane, na mwenye bidii atapata. Mama mdogo alikuwa mtu wa kuamini redio. Akanunua taipureta, kisha mashine ya fotokopi, na baadaye kompyuta mbili zilizokwisha kutumiwa Ulaya, zilizokuja na vumbi la huko huko.

Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na kupata matokeo ambayo nyumbani hatukuyajadili. Nikashuka kutoka kijijini kwetu Kinole, mlimani, na begi moja, nikaja kuwachapia watu barua za kuomba kazi. Nilichapa barua nyingi sana za watu wanaoomba kazi, na kwa kweli kila moja niliiombea dua kidogo kabla ya kuibana pini. Ndivyo nilivyo. Hata sasa sijaacha.

Gemu zilikuja kwa bahati. Mteja mmoja aliacha kijarida cha tangazo mezani, na humo niliona kwamba Dar kuna duka la gemu la mtandaoni. Halikuwa na mlango wala kaunta. Lilikuwa ukurasa tu kwenye intaneti, lenye picha za gemu zilizopangwa kama vitenge dukani. Mtu wa mkoani hakuweza kununua moja kwa moja, maana nani kwetu alikuwa na kadi ya benki ya kununulia kitu hewani? Kwa hiyo lile duka liliweka mawakala. Wakala anapokea mteja, anaingia kwenye ukurasa kwa neno lake la siri, anashusha gemu, anamwingizia mteja kwenye simu au kompyuta yake, na mwisho wa mwezi anapata sehemu yake. Na kila mji ulikuwa na wakala mmoja tu. Ndivyo walivyotaka wenyewe.

Niliwaandikia barua pepe. Niliiandika upya siku tatu, kamusi pembeni. Wakajibu kwa mstari mmoja: Morogoro mjini ni wewe. Nilimkumbatia mama mdogo mpaka miwani yake ikaanguka.

Lazima niseme ukweli hapa, kwa sababu nitalalamika sana mbele. Wakati ule ile habari ya wakala mmoja kila mji ilinipendeza. Sikujiuliza hata siku moja kwamba huo ni ushindani wa namna gani, ambao aliyeingia kwanza anafungiwa mlango kwa ndani na wengine wanabaki nje. Mimi nilikuwa ndani, nikaona mlango ni mzuri.

Neno la siri nililitunga mwenyewe. Watu wa Dar walisema lisiandikwe popote. Mama mdogo akasema liandikwe.

"Ukiumwa wewe, na duka liumwe?" aliniuliza.

"Mama mdogo, wamesema tulishike kichwani."

"Kichwa changu kimejaa. Kina bei za karatasi humo. Andika."

Nikaliandika kwenye jalada la ndani la daftari la maagizo, kwa herufi kubwa, na namba ya uwakala chini yake. Nikalipigia mstari. Mama mdogo akaniambia hauonekani vizuri, nikapiga wa pili.

Miezi ile nilikuwa na raha ya ajabu. Jioni nikimaliza kufagia, nilikaa natazama milima ya Uluguru inavyogeuka rangi, nikawaza gemu langu mwenyewe. Lingekuwa na msichana anayeshuka kutoka Kinole na mkungu wa ndizi kichwani, mvua inanyesha, njia inateleza, mizizi imejitokeza, na mchezaji anatakiwa amfikishe sokoni mkungu ukiwa mzima. Ukianguka mara tatu, ndizi zinakuwa za pombe. Nilimsimulia mama mdogo, akasema hilo si gemu, hayo ni maisha yake ya utotoni, na yeye hatalipia kuyarudia.

Mtaa wa pili kutoka kwetu kulikuwa na mzee mmoja, si mzee sana, mwenye duka kubwa la kuazimisha video. Ukoo wake na ukoo wetu ni watani. Kwa asiyejua: kwetu Waluguru kila ukoo una ukoo mwenzake wa utani. Watani wanaweza kukutukana ukacheka, kukuingilia jikoni wakafunua chungu, na msiba ukitokea ndio wanaochimba kaburi na ndio wanaowachekesha wafiwa. Wana ruhusa ya kunyakua kitu chochote cha wafiwa na kukishikilia mpaka kikombolewe. Na mfiwa hakasiriki. Ukikasirika umemwaibisha marehemu wako.

Huyu mtani wetu biashara yake ilianza kulegea tulipopata gemu, maana vijana walewale waliokuwa wanaazima kanda sasa walikuwa kwenye benchi letu. Alikuwa anapita kila siku.

"Mtani, nasikia mnauza upepo humu," alisema akiegemea mlango.

"Upepo una foleni," mama mdogo akamjibu bila kuinua macho. "Kanda zako zina ukungu."

"Nimeongea na Dar. Nimewaambia nami nataka. Wameniambia Morogoro ina mwenyewe."

"Si umeambiwa?"

"Basi nasubiri mfe nirithi."

"Utarithi jembe. Si ndiyo kazi yenu, kuchimba?"

Benchi zima likacheka, naye akacheka kuliko wote. Mimi nilimpenda yule mzee. Nasema hivyo kwa uchungu.

Bibi yangu, mama yake mama mdogo, alifariki msimu wa karafuu. Tulifunga duka saa ile ile tulipopata habari, tukapanda gari la ndizi lililokuwa linarudi tupu Kinole. Daftari nilibeba mkobani. Kufuli la duka lilikuwa bovu, na mimi nikajiona mwerevu: kitu cha maana hakiachwi nyuma. Nilifika nyumbani na mkoba begani, nikakuta mikeka ya karafuu imevutwa pembeni ya uwanja ili watu wakae, na harufu yake ilikuwa kali mpaka machozi ya kweli na ya karafuu yakachanganyika.

Watani walikuja na majembe. Walichimba, wakazika, na tuliporudi kutoka makaburini ndipo huyu wetu wa video alipoanza. Alijifunga khanga ya bibi kichwani, akachukua fimbo yake, akainama kama bibi alivyokuwa anainama, akaenda kwa akina mama mmoja mmoja.

"Nimerudi," alisema kwa sauti ya bibi hasa. "Huko hakuna ugoro. Nani ana ugoro?"

Akina mama waliangua kicheko huku kamasi zinawatoka. Mama mdogo, ambaye tangu jana yake hakuwa amekula, alicheka mpaka akashika mbavu. Mtani akaingia jikoni, akanyakua mwiko. Akamnyang'anya sheikh kiatu kimoja, sheikh akabaki amesimama mguu mmoja kama korongo, anaomba kwa heshima arudishiwe. Nami nilicheka. Nilimshukuru moyoni kwa kutupunguzia kile kitu kizito. Kisha akanifikia.

"Huu mkoba wa mjukuu unanuka mjini," akasema, akauvuta begani kwangu. "Hautoki kwangu bila jogoo."

Nikamwachia. Ningefanyaje? Nilimwachia nikiwa nacheka.

Aliondoka nao, akakaa nyuma ya nyumba na watani wenzake. Alasiri mjomba, kaka mkubwa wa mama, akatoa jogoo mwekundu, vitu vyote vikakombolewa: mwiko, kiatu cha sheikh, mkoba wangu. Mtani akanikabidhi kwa mikono miwili.

"Hesabu vitu vyako, mtani, usije ukasema nimekula kitana."

Sikuhesabu. Nani anahesabu vitu vilivyoshikwa na mtani msibani?

Siku ya nne, baada ya matanga, tulirudi mjini. Nilifungua duka, nikawasha mashine, nikaandika neno letu la siri. Ukurasa ukalikataa. Nikaandika tena polepole, kidole kimoja. Likakataliwa. Nikachukua daftari, nikalitazama neno na ile mistari yake miwili, nikaandika herufi baada ya herufi kama mtoto wa darasa la kwanza. Likakataliwa, na mara hii ukurasa ukajifunga.

Mteja mmoja alikuwa amekaa kwenye benchi ananitazama.

"Dada," akasema, "si mmehamishia gemu kwa mtani wenu? Tuliambiwa mmefiwa, mmemwachia."

Nilikwenda mbio, kandambili moja ikanitoka njiani. Nje ya duka lake kulikuwa na kitambaa cheupe kimefungwa kwenye nguzo mbili, rangi haijakauka vizuri: WAKALA PEKEE WA GEMU ZA MTANDAONI, MOROGORO MJINI. Yale maneno "wakala pekee" niliyatunga mimi. Nilikuwa nimeyaandika kwenye daftari lile lile, ukurasa wa pili, nikifikiria siku moja tutapata hela ya bango.

Ndani kulikuwa na vijana wetu wote. Yeye alikuwa kaunta.

"Mtani," akasema, "pole sana na msiba."

"Umebadilisha neno letu la siri."

"Nilichukua msibani. Mkanipa jogoo, nikala, nikarudisha daftari. Halikupungua ukurasa. Ulihesabu?"

"Daftari umerudisha. Neno hukurudisha."

"Neno nalo ni kitu? Nililifunga kwenye nini, khanga au gunia?"

Wakacheka. Na kinachonikera mpaka leo si kicheko chao. Kinachonikera ni kwamba midomo yangu nayo ilianza kufunguka. Miaka yote nimelelewa kwamba mtani akisema, unacheka, na uso wangu haukujua kwamba safari hii tumeibiwa. Niliufunga kwa nguvu. Nikatoka.

Niliwapigia simu watu wa Dar. Kijana aliyepokea alikuwa na sauti nzuri, ya mtu aliyefundishwa kupokea simu. Nilimweleza yote kuanzia kaburini.

"Pole sana, dada," alisema. "Lakini mfumo wetu unamtambua anayelijua neno la siri. Anayelijua ndiye wakala."

"Na mwizi akilijua?"

"Akilijua, mfumo utamwona ni wakala."

"Lakini nyinyi si mfumo. Nyinyi ni watu. Mimi ndiye niliyewaandikia barua. Mnayo hapo."

Nikasikia anafungua kitu. "Barua ipo. Ila, dada, nikuambie ukweli? Wiki hii mauzo ya Morogoro yamepanda. Yule ana mashine sita. Bosi hana tatizo na Morogoro."

Nilimwuliza kama na yeye hana tatizo. Akasema yeye ameajiriwa.

Basi nikaenda manispaa, kwa afisa biashara. Nilivaa gauni la Idi. Nilisubiri kwenye benchi mpaka matako yakafa ganzi, na nilipoingia nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuniangalia. Nikamweleza kwamba mtu ametunyang'anya duka.

"Liko mtaa gani?"

"Halipo mtaa, baba. Liko kwenye mtandao."

"Aliyewanyang'anya amevunja mlango?"

"Hapana. Alichukua neno la siri msibani, kwa utani."

Hapo aliniangalia. Alikuwa mtu wa Iringa, utani wetu haumhusu, na alicheka kidogo kama mtu anayeonja mchuzi. "Binti, mimi nina sheria ya duka lenye mlango. Duka likiwa na mlango naweza kuufunga. Hilo lako nikafunge nini?"

"Basi hakuna sheria?"

"Serikali imeacha watu wafanye biashara. Soko huria. Ngoja kwanza, leseni yenu inasemaje?"

Nilikuwa nayo. Nilidhani itatusaidia, nikaitoa mwenyewe mkobani, nikaiweka mezani kwa mikono miwili. Akaisoma.

"Hii ni ya kuchapa na fotokopi. Gemu mmeuza kwa leseni ipi?"

Nikaivuta leseni nyuma kidogo.

"Yule naye anauza gemu," nikasema. "Leseni yake ni ya video."

"Gemu linaonekana kwenye skrini?"

"Ndiyo."

"Basi hiyo ni video. Yeye yuko sawa. Nyinyi ndio mna kosa." Akachukua kalamu, akaandika onyo: tusionekane tukiuza gemu mpaka tupate leseni inayotaja biashara hiyo, tukikaidi tutafungiwa hata fotokopi. Akapiga muhuri. Sheria iliyokuwa haipo nilipolia ikapatikana palepale niliponyamaza.

Mimi sikusoma sana, lakini najua kuona. Waliuza kiwanda cha mama mdogo wakamwambia akashindane. Akashindana, akashinda kidogo, kwa kompyuta mbili na waya wa simu. Alipoporwa, kila aliyetakiwa kusema neno alisema hayupo: Dar wakasema wao ni mfumo, manispaa wakasema hawana kifungu, na yule aliyepora akasema ni utani. Huo ndio uhuria wenyewe? Wa mwenye mashine sita? Mimi nimeliona soko lote la Morogoro, nimewaona akina mama wa mlimani wanapanga nyanya chini, kila mmoja na fungu lake, hakuna anayenyanyua fungu la mwenzake akasema amelichukua kwa utani. Wangempiga na mizani.

Tukabakiwa na ukoo. Mjomba alishuka kutoka Kinole na kapu la machenza, akakaa dukani kwetu, kompyuta mbili zimefunikwa vitambaa kama maiti. Mama mdogo akaeleza. Mjomba alimenya chenza lote bila kukatisha ngozi, akaligawa vipande, akatupa.

"Cha msibani hakishitakiwi," alisema. "Tukimpeleka mtani mbele ya watu kwa kitu alichoshika msibani, kesho nikifa mimi, nani anachimba?"

"Ni kweli, kaka," mama mdogo akasema.

Mimi sikuwa na ruhusa ya kusema. Nikasema. "Mjomba, shikamoo tena. Mtani anachukua ili arudishe. Alirudisha kiatu cha sheikh, sheikh akaenda nacho nyumbani. Sisi mbona hatuna cha kwenda nacho? Ule ni utani kweli, au alimtumia bibi? Alivaa khanga ya bibi akaenda kuiba nayo."

Mama mdogo aliniangalia, macho yakajaa. Sikutaka kumliza. Kuhusu khanga, hakuwa amefikiria.

Mjomba akalikunja lile ganda la chenza kiganjani. "Ulilosema ni kweli, mwanangu," akasema mwisho. "Lakini sina pa kulipeleka."

Akanywa maji, akaondoka. Machenza aliyaacha.

Miezi iliyofuata tulichapa barua. Mama mdogo hakusikiliza tena redio, aliizima hata saa ya taarifa ya habari. Benchi la nje likabaki la wapita njia. Mtani alikuwa anapita bado, anasimama mlangoni, anarusha neno. Mama mdogo alijibu kwa adabu, maneno mawili, kama anavyomjibu mtu wa bili ya maji. Nadhani hilo lilimuuma, maana utani usiporudishwa unamwacha mtu amesimama peke yake. Lakini hakurudisha neno letu.

Halafu siku moja nilikuwa nachapa tangazo la mteja, nikaona kwenye ukurasa mwingine wa intaneti kwamba Arusha nako wamefungua duka la gemu la mtandaoni, wanashindana na la Dar. Nilisoma masharti yao nikiwa nimesimama. Hawakuweka wakala mmoja kwa mji. Mji ungeweza kuwa na watano, kumi, kila mtu na wateja wake. Na hawakumtambua wakala kwa neno la siri tu. Walitaka nakala ya leseni ya biashara inayotaja gemu, na kubadilisha chochote kwenye uwakala mpaka uwapelekee leseni ile ile. Mtu angeweza kukunyakulia mkoba, mwiko na kiatu, asikupate.

"Umefurahi nini?" mama mdogo akauliza.

Nikamsomea. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Leseni inayotaja gemu," akasema. "Yule bwana ataitoa?"

"Nitaenda kuiomba."

"Alikutisha."

"Alitutisha kwa kutokuwa nayo. Sasa naenda kuitaka. Atanitisha kwa nini tena?"

Akacheka. Kicheko kidogo, lakini cha kwake. Akanipa fomu ya maombi aliyokuwa ameiweka chini ya sanduku la karatasi tangu siku ya onyo. Kumbe alikuwa ameshakwenda kuichukua, akaogopa kuijaza.

Manispaa nilimkuta mama karani peke yake. Afisa alikuwa semina. Nikamwamkia, nikampa fomu. Akaigeuza.

"Hapa kwenye aina ya biashara hujaandika."

"Duka la gemu la mtandaoni, mama."

"Hiyo haipo."

"Ndiyo naomba iwepo."

"Mwanangu, mimi naandika zilizopo. Orodha iko ukutani pale koridoni. Kasome, chagua inayokaribiana, ukirudi nakupokelea. Kuna vifaa vya michezo, si unaona? Mipira na jezi. Andika hiyo."

"Nikiandika jezi, Arusha watanikataa."

"Basi kuna burudani. Ukumbi wa disko." Alikuwa ameshachukua pochi yake. "Nakwenda kunywa chai. Kachague."

Nilibaki koridoni. Orodha ilikuwa imechapwa kwa taipureta kwenye karatasi ndefu, imebandikwa kwa gundi, pembe zimejikunja. Niliisoma kutoka juu. Bucha. Kinyozi. Genge. Mashine ya kukoboa. Kuuza mkaa. Kuazimisha video. Kuuza vinywaji vikali. Fundi saa. Kuchapa na fotokopi. Ukumbi wa disko. Vifaa vya michezo. Nikawaza kwamba hata kuazimisha video hakukuwepo zamani. Wakati bibi yangu ni msichana nani alikuwa na video? Kuna siku mtu alikaa akaiongeza, na hakushuka malaika kumpa ruhusa. Chini ya mstari wa mwisho kulikuwa na nafasi nyeupe, inatosha.

Hapakuwa na mtu koridoni. Nilitoa kalamu ya duka, nyeusi, nikashika karatasi kwa kiganja cha kushoto ili isijikunje, nikaandika kwa herufi zilizonyooka kama za taipureta, moja moja, bila haraka: Duka la gemu la mtandaoni. Nikapuliza wino ukauke. Kisha nikaweka fomu yangu ukutani, sambamba na orodha, nikanakili maneno yale yale kwenye nafasi ya aina ya biashara, nikaingia ofisini na kuiweka juu ya meza ya mama karani, katikati, nikaibana kwa kikombe chake.